Kutoka Budo na Kijabe hadi Barabara ya Ggaba: Shule za Kidini za Kimataifa na Suala la Lugha

Utangulizi

Anayepanda teksi katikati ya jiji la Kampala kwenda Ggaba hupita Nsambya, Kabalagala, Kansanga na Bbunga kabla ya kuteremka karibu na soko na gati ya mitumbwi ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Ni safari ya kilomita kama kumi hivi. Akitazama nje ya dirisha atasoma mabango mengi, na takribani yote ni ya aina mbili: ya makanisa na ya shule. Baadhi ya mabango hayo ni ya vyote viwili kwa pamoja. Ndani ya teksi watu wanazungumza Kiganda. Mabango yameandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hakionekani, ingawa tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi.

Wanafunzi wetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya ualimu wamewahi kuniuliza kwa nini shule za upande huu wa jiji, hasa zile za Kikristo zinazojiita za kimataifa, zina watoto kutoka mataifa mengi kiasi hicho, na kwa nini ni vigumu kwa mwalimu wa Kiswahili kupata nafasi humo. Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba shule ya kidini ya kimataifa tunayoiona leo ni mahali ambapo mikondo miwili ya elimu ya kimisheni, iliyotenganishwa kwa makusudi kwa zaidi ya nusu karne, imekutana. Mikondo hiyo imekutana darasani, lakini haijakutana katika lugha ya nchi wala ya kanda. Hapo ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapohusika.

Mwalimu wa kwanza alitoka Zanzibar

Watu wengi huanza historia ya elimu ya Kikristo nchini Uganda na wamisionari wa Kizungu. Wale wa CMS walifika katika kasri la Kabaka Mutesa I mwaka 1877. Alexander Mackay aliwasili mwaka 1878. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la White Fathers, walitia nanga Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Tarehe hizi ni sahihi, lakini hazianzii mwanzo.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alipofika kwa Mutesa alikuwa na kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyesomeshwa Zanzibar na misheni ya UMCA. Stanley alipoondoka, Maftaa alibaki. Akawa mwandishi na mwalimu katika kasri, akimfasiria Kabaka sehemu za Biblia kwa Kiswahili. Hata kabla yake, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wakifika Buganda tangu miaka ya 1840 walikuwa wamekwisha kuingiza Kurani, maandishi na lugha yetu katika kasri hilo hilo. Kwa hiyo somo la kwanza la dini, kwa Waislamu na kwa Wakristo, lilitolewa kwa Kiswahili au kwa msaada wake, na mwalimu wa kwanza wa Kikristo aliyekaa Buganda alikuwa Mwafrika aliyetoka shule ya misheni ya pwani.

Alama ya jambo hili bado imo katika Kiganda. Neno okusoma lina maana ya kusoma kitabu na pia ya kusali kanisani. Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi. Shule ni essomero, na kitabu ni ekitabo. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kuyaelewa maneno haya. Kwa Waganda wa wakati ule kuingia katika dini na kuingia shuleni lilikuwa tendo moja.

Ggaba yenyewe haiko mbali na historia hiyo. Jirani yake ni Munyonyo, ambako tarehe 26 Mei 1886 Andrea Kaggwa na Denis Ssebuggwawo waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ssebuggwawo alikuwa kijana wa kasri aliyepatikana na kosa la kumfundisha mwenzake dini. Kufundisha, kwa maneno mengine, kulikuwa jambo la kufa na kupona.

Mackay alikipenda Kiswahili na alitamani kiwe lugha ya kuunganisha eneo hili la Afrika. Askofu Alfred Tucker, aliyeliongoza kanisa la Kianglikana Uganda tangu 1890 hadi 1911, hakukubaliana naye. Aliona kwamba Kiswahili kiko karibu mno na Uislamu. Biblia nzima ya Kiganda, kazi iliyoongozwa na George Pilkington, ilikamilika mwaka 1896, na kutoka hapo Kiswahili kikaanza kusukumwa nje ya mlango wa shule za misheni.

Mwaka 1906: shule mbili, watoto wawili

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wamisionari walianza kujenga shule kubwa za bweni. Mill Hill walianzisha Namilyango mwaka 1902. CMS wakaanzisha Gayaza kwa wasichana mwaka 1905 na King's College Budo mwaka 1906. Budo ilijengwa juu ya kilima ambacho makabaka hutawazwa, na haikuwa bahati tu. Ilikusudiwa kwa watoto wa machifu, watu ambao wangekuja kuitawala Buganda ndani ya himaya ya Kiingereza.

Mwaka huo huo wa 1906, upande wa Kenya, shule nyingine ya misheni ilianza kwenye ukingo wa Bonde la Ufa huko Kijabe. Hiyo ni Rift Valley Academy, iliyoanzishwa na Charles Hurlburt wa Africa Inland Mission. Tarehe 4 Agosti 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani miezi michache kabla, aliweka jiwe la msingi la jengo lake kuu, Kiambogo. Shule hii haikuwa ya watoto wa machifu, wala ya wakulima wa Kikuyu waliokuwa wakiishi chini ya mlima. Ilikuwa ya watoto wa wamisionari wenyewe.

Tuziweke shule hizi mbili pamoja. Zote ni za Kikristo. Zote ni za bweni. Zote zinafundisha kwa Kiingereza na zinaanza siku kwa sala. Lakini moja ni ya mtoto wa mwenyeji na nyingine ni ya mtoto wa mgeni. Mzazi mmisionari angeweza kufundisha maisha yake yote katika shule ya Waafrika, huku mtoto wake mwenyewe akisoma mamia ya kilomita mbali naye. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: mtaala wa kwao, afya, maandalizi ya chuo kikuu cha Marekani au Uingereza. Sababu ambayo haikuhitaji kuelezwa ilikuwa kwamba makoloni yote ya Kiingereza ya kanda hii yaligawa shule kwa rangi. Misheni zilihubiri umoja wa wanadamu, lakini katika elimu ya watoto zilifuata desturi ya serikali.

Ajabu ni kwamba watoto wengi wa wamisionari walikua wakikisema Kiswahili vizuri kuliko wazazi wao. Hawakukipata darasani. Walikipata likizoni, uani, jikoni, kwa wayaya na kwa watoto waliocheza nao. Shule iliwatenga na wenyeji kwa miezi mingi, na lugha ikawarudisha.

Ng'ambo ya ziwa

Mfano wa pili uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria lile lile linaloonekana kutoka Ggaba, ila kusini-mashariki, upande wa Musoma. Wamennoniti wa Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Mwaka 1947 walianzisha shule ndogo ya watoto wao, Mara Hills, karibu na Musoma. Mwaka 1967 shule hiyo ilihamishiwa Nairobi na kuitwa Rosslyn Academy.

Mwaka wa kuhama ni wa kutazamwa. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zake za msingi. Sisemi kwamba siasa ndiyo iliyoihamisha shule. Nairobi ilikuwa na faida zake, na misheni nyingi zilikuwa na ofisi huko. Ninachosema ni kwamba baada ya uhuru, shule iliyokuwa ya wamisionari wa shirika moja kijijini iligeuka kuwa shule ya jiji, ikipokea watoto wa mashirika mbalimbali, kisha wa mabalozi, wafanyabiashara na wenyeji wenye uwezo. Huo ndio mwendo ambao shule nyingi za aina hii zilikuja kuufuata.

Kampala nayo ilipata shule ya wageni mwaka 1967: Lincoln, ambayo baadaye iliitwa International School of Uganda na sasa iko Lubowa. Hiyo si shule ya dini. Lakini inaonyesha kwamba miaka ile tayari palikuwa na jamii ya wageni iliyotaka shule ya kutwa jijini badala ya kuwapeleka watoto bweni Kenya au Ulaya.

Ggaba kabla ya shule za watoto

Shule ya kwanza ya kidini yenye sura ya kimataifa hapa Ggaba haikuwa ya watoto hata kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walifungua Taasisi ya Kichungaji ya Gaba. Mapadre, masista na walei kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi, Zambia na kwingineko walikutana hapo kujifunza namna ya kufundisha dini katika Afrika iliyokuwa imetoka kupata uhuru na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani. Waafrika na Wazungu walikaa darasa moja. Jina la Ggaba likajulikana katika parokia nyingi za kanda kuliko lilivyojulikana na watu wengi wa Kampala.

Mwaka 1976 taasisi hiyo ilihamia Eldoret, Kenya, na wengi waliendelea kuiita Gaba hata ikiwa huko. Sababu ya kuhama si siri kwa anayeijua miaka ile. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akiwapa siku 90. Wageni wengine wengi nao waliondoka. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na baadaye mwaka huo madhehebu zaidi ya ishirini yalipigwa marufuku. Nchi ambayo taasisi ya kimataifa ya dini haikuweza kukaa kwa amani haingeweza kuvuta familia zenye watoto wadogo.

Katika miaka hiyo hiyo, Agosti 1973, Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo lilitoka katika mikono mibaya. Kiswahili, ambacho wanajeshi walikuwa wakikitumia vizuizini na kambini, kikazidi kuogopwa na raia, hasa Buganda. Tunapozungumzia leo chuki ya baadhi ya wazazi kwa somo letu, tukumbuke kwamba wengine wao hawakukisikia mara ya kwanza kwa mwalimu. Walikisikia kwa mtu mwenye bunduki.

Kurudi kwa wageni na shule za miaka ya 1990

Januari 1986 majeshi ya NRA yalichukua Kampala, na miaka iliyofuata jiji likafunguka. Misheni za zamani zilirudi na mpya zikaja, pamoja na mashirika ya misaada yaliyoshughulikia yatima, UKIMWI, maji na wakimbizi. Wengi walitafuta nyumba upande wa kusini-mashariki wa jiji: Muyenga, Kansanga, Bbunga na Ggaba, kwenye vilima vyenye upepo wa ziwa.

Familia hizi mpya zilitofautiana na zile za Kijabe ya zamani kwa jambo moja kubwa. Hazikutaka tena kumpeleka mtoto wa miaka sita au saba bweni katika nchi nyingine. Wazazi wengi walianza kwa kuwafundisha watoto nyumbani, kisha wakaunganisha nguvu. Shule ya kutwa ikawa jawabu. Katika hali hiyo ndipo ilipokua shule kama Heritage International, iliyoko Kiwafu, Kansanga, hatua chache kutoka Barabara ya Ggaba. Ni shule ya Kikristo inayofuata mtaala wa mtindo wa Kimarekani, kuanzia watoto wadogo hadi kumaliza sekondari, ikipokea watoto wa wamisionari, wa wafanyakazi wa mashirika na wa Waganda pamoja.

Haikuwa Kampala peke yake. Mwaka 1994 Haven of Peace Academy ilianzishwa Dar es Salaam kwa mahitaji yanayofanana. Tanzania nayo ilikuwa ikilegeza masharti ya shule binafsi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliupanua mlango huo. Kwa walimu wa lugha, jina la shule hiyo lina utamu wake: ni tafsiri ya Kiingereza ya jina la jiji, ambalo nalo limetoka katika Kiarabu. Maana imesafiri lugha mbili na kuiruka ya katikati, ambayo ndiyo ya watu wa mji.

Nani anakaa darasani?

Sura ya darasa katika shule hizi imebadilika mara kadhaa. Kwanza walikuwa watoto wa wamisionari wa Marekani na Uingereza. Kisha wakaja wa wamisionari kutoka Korea, Nigeria na nchi nyingine, maana umisionari si kazi ya Wazungu pekee tena. Wakaja watoto wa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na wa kampuni. Mwisho, na kwa idadi inayoongezeka, wakaja watoto wa Waganda: wa wachungaji, wa wafanyabiashara, wa maofisa, na wa familia zilizorudi kutoka ughaibuni zikiwa na watoto wasioweza kufuata mtaala wa kitaifa.

Hili ni badiliko kubwa, na haifai kulidharau. Mtoto wa aina ya Budo na mtoto wa aina ya Kijabe sasa wanakaa dawati moja, wanasoma Biblia moja, na wanacheza timu moja. Kilichotenganishwa mwaka 1906 kimeunganishwa bila sherehe.

Hata hivyo, milango miwili imebaki. Wa kwanza ni karo. Katika shule nyingi za aina hii karo hutajwa kwa dola, na ingawa wamisionari mara nyingi hupunguziwa, mwalimu wa shule ya serikali hawezi kuilipa. Mwenyeji anayeingia ni mwenyeji mwenye fedha. Mtoto wa muuza samaki wa soko la Ggaba anaweza kuliona basi la shule kila asubuhi asiwahi kulipanda.

Mlango wa pili ni lugha. Kiingereza ndicho cha darasa, cha ibada na cha uwanja. Lugha ya ziada huwa mara nyingi Kifaransa. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini wa Uganda ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kifundishwe shuleni. Lakini shule inayofuata mtaala wa nje haifungwi na mtaala wa kitaifa kwa namna ile ile. Matokeo yake ni kinyume cha zamani. Mtoto wa mmisionari wa mwaka 1950 alitengwa na mwenyeji shuleni lakini akamkuta katika lugha. Wa leo anakaa naye darasani, na huenda wote wawili, mgeni na mwenyeji, wakamaliza shule bila kuweza kuzungumza na mvuvi aliyetoka ng'ambo ya mpaka.

Kinachotuhusu sisi

Ni rahisi kulalamika kwamba shule hizi zimetusahau. Lakini historia niliyoieleza inatukumbusha kwamba Kiswahili hakikuondolewa Uganda na wageni peke yao. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kitumike katika elimu na utawala, waliompinga ni pamoja na maaskofu na Kabaka Daudi Chwa mwenyewe. Kila upande ulikuwa na hofu yake: Uislamu, walowezi wa Kenya, kumezwa kwa Kiganda. Hofu hizo hazikuondolewa kwa amri ya Gowers, wala ya Amin, na sioni kwa nini amri ya leo iwe na nguvu zaidi ikiwa haina walimu nyuma yake.

Kanisa la Watoto ni mfano mzuri. Lilianzishwa Kampala mwaka 1984 kwa jina la Kiingereza, na leo linajulikana duniani kwa neno la Kiswahili, kwa sababu ya kwaya na vijiji vyake vya watoto. Hakuna aliyelilazimisha. Ni neno linaloeleweka mbali na si la kabila moja. Hiyo ndiyo hoja bora ya kumpelekea mkuu wa shule ya kimataifa: kwamba familia inayohama kutoka Kampala kwenda Kigali, Arusha au Goma haitahama na Kifaransa au Kiingereza pekee, na kwamba shule inayosema inamtumikia jirani yake inahitaji lugha ya kuzungumza naye.

Kwa hiyo, ninawashauri wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho mambo matatu. Kwanza, wajifunze kufundisha Kiswahili kwa wageni, maana mbinu za kumfundisha mtoto asiye na lugha yoyote ya Kibantu si zile za kumfundisha Mganda. Pili, waandae masomo mafupi ya mazungumzo ya kutolewa baada ya saa za darasa, kwa kuwa shule hukubali klabu mapema kuliko inavyokubali somo. Tatu, wasiende na madai ya sheria mkononi. Waende na somo lililoandaliwa vizuri.

Hitimisho

Tumeona kwamba shule ya kidini ya kimataifa ya upande wa Ggaba ina wazazi wawili: shule ya misheni iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika na shule ya misheni iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Vurugu za miaka ya 1970 zilichelewesha kukutana kwao nchini Uganda. Amani ya baada ya 1986 na kukataa kwa wazazi kuachana na watoto wao kuliharakisha. Ukuta wa rangi umeanguka kwa kiasi kikubwa. Ule wa karo umepanda. Ule wa lugha haujaguswa sana.

Mwaka 1875 Maftaa alibaki Buganda peke yake, bila mshahara wa misheni na bila kitabu cha kiada, akafundisha kwa Kiswahili. Wanafunzi wetu wana vitabu, wana shahada, na nauli ya kutoka mjini hadi Kansanga si kubwa. Tunawatakia mazoezi mema ya ualimu, na tungependa kusikia wamepokewaje huko.